Mrushaji mwenye jina kubwa na mkono wa hospitali: wewe ungemsajili?

#1 Mgosi wa Arlington
Wakuu salaam. Msimu wa besiboli wa 2025 umeisha, dirisha la usajili liko wazi, na kila mtandao ninaopita nakuta mashabiki wanaililia timu yao imchukue mrushaji ambaye nusu ya maisha yake yuko kwenye orodha ya majeruhi. Hoja yao ni ileile kila mwaka: akiwa mzima hana mpinzani.

Msimamo wangu ni huu. Mrushaji wa kuanza mechi ambaye mwili wake una historia, mpe mwaka mmoja au miwili, basi. Stephen Strasburg ndiye ushahidi wangu. Nationals wa Washington walimpa dola milioni 245 kwa miaka 7 mwezi Desemba 2019, wiki chache baada ya kuwa mchezaji bora wa World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu ya Marekani (MLB). Tangu asaini hadi anastaafu rasmi Aprili 2024 alianza mechi 8 tu. Inningi 31 na theluthi moja, na mechi moja ya kawaida ina inningi 9. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu dola milioni 7.8 kwa kila inningi.

Nani ananipinga, na kwa ushahidi gani?

#2 Chege wa Lowell
Sikupingi hata kidogo. Sisi wa Boston tuliishi na Chris Sale. Mwaka 2019 akapewa nyongeza ya miaka 5, dola milioni 145. Machi 2020 kiwiko kikafanyiwa operesheni ya Tommy John, ile ya kuweka kano mpya, msimu wote ukapotea. 2021 akarudi mwishoni, mechi 9. 2022 akaanza na ubavu uliopasuka, akarudi Julai, mpira wa mpigaji ukamvunja kidole kidogo pale Yankee Stadium, kisha Agosti akaanguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono. Mwaka mzima alianza mechi 2! Kuanzia 2020 hadi 2023 alituanzia mechi 31 kwa jumla, idadi ambayo mrushaji mzima anaimaliza kwa msimu mmoja.

#3 Tabibu Viungo
Mgosi, mfano wako wa Strasburg unakugeukia. Ni kweli alifanyiwa operesheni ya kiwiko mwaka 2010, lakini angalia alivyokuwa siku anasaini. Msimu wa 2019 alianza mechi 33 na kurusha inningi 209, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Meneja yeyote aliyekuwa anatafuta mtu mzima angemchukua. Kilichommaliza hakikuwa kiwiko. Ni tatizo la mishipa ya damu na ya fahamu kubanwa pale inapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, kuelekea mkononi. Alipasuliwa 2021, wakamtoa ubavu. Mkono ulikuwa unakufa ganzi. Hakuna kipimo kilichomwambia mtu mwaka 2019 kwamba hilo linakuja.

Na kabla hujasema ugonjwa huo ni kaburi: Merrill Kelly wa Arizona alifanyiwa operesheni ya aina hiyo mwaka 2020. Mwaka 2023 akawazima Rangers wako wa Texas kwa inningi 7 kwenye mechi ya pili ya World Series.

#4 Jabali la Mwanza
Mgosi umenyamaza ghafla? 😄 Tabibu amekuja na ubavu wa mtu mkononi.

#5 Binti Marietta
Chege, pole sana, lakini naomba umalizie hadithi. Desemba 2023 mkamtoa Sale kwa Braves wetu wa Atlanta, mkapokea kijana Vaughn Grissom. Msimu wa kwanza tu Sale akashinda mechi 18, akapoteza 3, wastani wa mbio 2.38 kwa inningi 9, akawang'oa wapigaji 225 kwa straiki. Akaongoza National League kwa yote matatu, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Akiwa na miaka 35! Na Boston mkatulipia mshahara wake wote juu.

Nilikuwa naingia uwanjani kila nilipopata nafasi siku yake ya kurusha. Ule mkono unatoka pembeni kama unatokea besi ya kwanza, mpigaji wa mkono wa kushoto anarudi nyuma kwa uoga, halafu slaida inaangukia katikati ya bamba. Mtu akiniambia timu isichukue hatari ya namna hiyo namwona hapendi mchezo.

#6 Chege wa Lowell
Mshahara wote hapana, dada. Boston walituma dola milioni 17, na Braves wakamuongezea mkataba wao wa miaka miwili Januari 2024. Hayo mengine ni kweli yote, na Grissom aliyeletwa kwetu mwaka ule alipiga .190, yaani chini ya hiti moja kwa kila majaribio matano.

Ila na wewe malizia yako. Wiki ya mchujo 2024, Braves wanacheza na San Diego, Sale alikuwa wapi? Mgongo ulikaza, hakurusha hata mpira mmoja. Na Juni 2025 akajirusha kuokoa mpira wa chini dhidi ya Mets wa New York, mbavu zikapasuka.

#7 Binti Marietta
Sawa, ila Cy Young iko kabatini Atlanta.

#8 Mgosi wa Arlington
Nimemsoma Tabibu, na ninaibeba hoja yake nyumbani kwetu Texas. Jacob deGrom. Dola milioni 185, miaka 5, Desemba 2022, ana miaka 34 na tayari misimu miwili iliyotangulia aliimaliza nusunusu kule Mets. Hapa kila dalili ilikuwepo mezani.

Aprili 28, 2023 nilikuwa Globe Life Field, wageni ni Yankees. Inningi ya nne inaendelea, naona mdakaji anainuka, mkufunzi wa tiba anatoka mbio, deGrom anatikisa kigasha chake. Uwanja mzima ukatulia. Kulikuwa na mzee mmoja safu ya mbele yangu akafunga daftari lake la kuandikia matokeo, akaondoka. Juni wakatangaza operesheni ya Tommy John, ya pili kwake baada ya ile ya 2010. Mechi 6 msimu ule, 3 msimu uliofuata.

Hapo mtaniambia nini?

#9 Fundi Wiketi
Nitakuambia kwamba mechi zote 6 alizoanza mlishinda, na mwaka uleule mkabeba World Series ya kwanza katika historia ya Rangers. Sasa unalia nini?

#10 Mgosi wa Arlington
Tulibeba bila yeye, Fundi. Ndiyo hoja yangu.

#11 Fundi Wiketi
Mlibeba kwa mkono wa nani? Nathan Eovaldi, aliyeshinda mechi 5 za mchujo bila kupoteza. Na Eovaldi ni nani? Kiwiko chake kimepasuliwa mara mbili, ya kwanza akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Rangers walimsajili Desemba ileile ya deGrom kwa dola milioni 34, miaka miwili. Kwa hiyo majeruhi mmoja aliumia, majeruhi mwenzake akawapa pete ya ubingwa. Kisha mwaka 2025 deGrom mwenyewe akaanza mechi 30, wastani 2.97. Eovaldi naye 2025 alikuwa na wastani wa 1.73, halafu bega likamtoa Agosti.

Hebu nipe kanuni inayoweza kuwatenganisha hawa wawili kabla ya kusaini. Hakuna.

#12 Chege wa Lowell
Kanuni ipo, ni bei. Eovaldi 34, deGrom 185. Ukikosea kwa 34 unalala usingizi.

#13 Mzee wa Koshien
Salaam wanauzi. Mnabishana juu ya majina, mimi nitazame kasi. Mwaka 2008 wastani wa mpira wa kasi kwenye ligi kuu ulikuwa maili 91 na kidogo kwa saa. Mwaka 2024 umevuka 94. MLB wenyewe walitoa ripoti yao ya majeraha Desemba 2024, wakasema wazi: kutafuta kasi, kutafuta mzunguko mkali wa mpira, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote ndivyo vinavyowavunja vijana. Ile kano ya ndani ya kiwiko haikui kwa mazoezi ya vyuma kama msuli. Msuli unakomaa, kano inabaki ileile.

Kwa hiyo swali la nani ana historia ya majeraha limepitwa. Mrushaji wa maili 98 ambaye hajaumia, bado hajaumia tu.

#14 Jabali la Mwanza
Nakubaliana na Mzee nusu. Nolan Ryan alirusha kwa kasi ya kutisha misimu 27, akang'oa wapigaji 5,714. Kasi pekee haielezi.

#15 Mzee wa Koshien
Ryan mmoja, Jabali. Wangapi wa zama zake walipotea na majina yao hatuyajui? Sandy Koufax aliacha mchezo mwisho wa 1966, ana miaka 30, akiwa bora duniani, kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeisha. Tiba yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Dk. Frank Jobe alimpasua Tommy John Septemba 1974, akachukua kano kutoka mkono mwingine akaishonea kwenye kiwiko. John akakosa 1975 yote, akarudi 1976, akarusha mpaka 1989. Mechi 164 kati ya ushindi wake 288 alizipata baada ya kisu. Na hakuwa mtu wa kasi.

#16 Twiga Mrefu
Mbona hakuna anayetaja saa? Mwaka 2023 wakaleta saa ya kurusha, mrushaji arushe ndani ya sekunde 15 besi zikiwa tupu na 20 kukiwa na mtu. 2024 ile 20 wakaipunguza hadi 18. Aprili 2024, ndani ya siku chache, Shane Bieber, Spencer Strider na Eury Pérez wote viwiko. Chama cha wachezaji kikapiga kelele hadharani. Msuli uliochoka haupati hata nafasi ya kupumua, kazi yote inahamia kwenye kano.

#17 Tabibu Viungo
Ligi ilikana hilo siku ileile, Twiga, na ilijibu kwa kutaja utafiti wa Johns Hopkins. Tena majeraha yalikuwa yanapanda miaka mingi kabla ya saa kuja. Siifukuzi hoja yako kabisa, uchovu ni kitu halisi na nauona kazini kila siku, lakini saa peke yake haibebi mzigo huu.

#18 Fundi Wiketi
Ongezeni na gundi. Juni 2021 ligi ilipoanza kukagua mikono ya warushaji wanaopaka vitu vya kunata, Tyler Glasnow aliumia kiwiko siku hizohizo. Alisema mwenyewe kwamba kuacha mchanganyiko wa mafuta ya jua na unga wa rozini kulimlazimisha aukamate mpira kwa nguvu zaidi, na siku iliyofuata akaamka anauma sehemu ambazo hajui kama anazo.

#19 Twiga Mrefu
Kasi, saa, gundi. Tukifika ukurasa wa tatu tutamlaumu mshona jezi 😂

#20 Mama Shani
Samahani nawaingilia. Mwanangu ana miaka 13, tuko Ohio, anarusha kwenye timu ya shule na Jumamosi na Jumapili anasafiri na timu nyingine. Kocha wa wikendi anasema ana mkono wa chuo kikuu. Wiki mbili hizi analalamika kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Mume wangu anasema ni kukua. Nimesoma yote mliyoandika hapa nikaogopa. Nifanye nini?

#21 Tabibu Viungo
Mama Shani, asante kwa kuuliza, na hili naliweka mbele ya deGrom na wenzake wote. Asirushe tena mpaka daktari wa michezo amwone. Mtoto wa miaka 13 mfupa wake bado una sehemu laini ya kukulia, na maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mrushaji wa umri huo hayapuuzwi. Usikubali apewe dawa ya maumivu ili acheze Jumamosi.

Pili, hesabu mipira. MLB na USA Baseball wana mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa miaka 13 na 14 ni mipira isiyozidi 95 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku 4 kamili. Tatizo lako ni timu mbili. Kocha wa shule anahesabu yake, kocha wa wikendi anahesabu yake, na mkono ni uleule mmoja. Daftari la hesabu liwe lako wewe, si la kocha. Siku aliyorusha asidake pia, maana mdakaji naye hurusha mpira muda wote wa mechi.

Tatu, mwaka uwe na miezi ya kutorusha kabisa, angalau minne. Pale Birmingham, Alabama kuna taasisi ya utafiti, ASMI, waliwafuatilia vijana wa miaka 14 hadi 20. Waliokuwa wanarusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 wa kufika kwenye kisu. Waliokuwa wanarusha mara kwa mara wakiwa wamechoka, mara 36. Nimeandika thelathini na sita, hujakosea kusoma.

Mwache acheze mpira wa kikapu majira ya baridi. Chuo kikuu hakitamkimbia.

#22 Chege wa Lowell
Mama Shani msikilize huyu. Mtoto wa kaka yangu alivumilia msimu mzima kwa sababu kulikuwa na watu wa vyuo wanakuja na mashine za kupimia kasi. Alikuwa anaficha barafu chumbani usiku ili baba yake asijue. Amepasuliwa akiwa darasa la kumi na moja. Sasa anacheza besi ya kwanza na anafurahi, lakini ile miezi ya kujifunza upya kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia, sisi familia tuliiona.

#23 Mama Shani
Asanteni sana. Nimepiga simu leo, ana miadi. Kocha wa wikendi nimemjulisha, amekasirika, na akasirike.

#24 Binti Marietta
Umefanya vyema mama. 🙏🏾

#25 Mzee wa Koshien
Mnaona sasa? Mgosi anauliza kuhusu mwenye miaka 34 aliyeumia. Yule wa miaka 34 kano yake huenda ilianza kuliwa akiwa na 13. Timu ya ligi kuu inanunua mkono ambao historia yake halisi haimo kwenye faili lolote.

#26 Karani wa Mikataba
Naona hamjagusa namna mikataba inavyoandikwa, na hapo ndipo penye dawa. Besiboli mkataba ukisaini unalipwa wote, uumie usiumie. Lakini vipengele vinaruhusiwa. John Lackey alipokwenda Boston kwa dola milioni 82.5, miaka 5, madaktari hawakupenda kiwiko chake. Wakaweka kipengele: ukikosa muda mrefu kwa jeraha la kiwiko, timu inapata mwaka wa sita kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi. Akapasuliwa, akakosa 2012 yote, 2013 akashinda mechi iliyoipa Boston ubingwa. Kisha akauzwa Cardinals, na mwaka 2015 akawarushia msimu mzima kwa dola laki 5. Mrushaji wa hadhi ile!

Kwa hiyo swali la Mgosi la kumsajili au kutomsajili lina jibu la tatu: msajili, lakini kalamu iwe kali.

#27 Mgosi wa Arlington
Wakala gani wa leo atakubali kipengele cha Lackey kwa staa anayegombewa na timu tano?

#28 Karani wa Mikataba
Akikataa, umejua kitu kuhusu mkono huo.

#29 Chege wa Lowell
Au umejua tu kwamba timu nne nyingine hazikuomba kipengele. Karani, hapo umeruka.

#30 Bin Seif Toronto
Niwaletee la Blue Jays, maana ni la juzi na linauma bado. Julai 31, 2025 tukamchukua huyohuyo Shane Bieber kutoka Cleveland. Alikuwa hajarusha mpira mmoja kwenye ligi kuu msimu ule, bado anatoka kwenye operesheni ya 2024. Tukatoa kijana mmoja mrushaji, Khal Stephen. Nilikasirika siku ile, nikasema tumenunua picha ya eksirei.

Agosti akaanza Miami, inningi 6, akang'oa wapigaji 9. Mechi ya nne ya World Series akasimama mbele ya Shohei Ohtani, staa wa Dodgers, pale Los Angeles akashinda. Kisha mechi ya saba, inningi ya 11, Will Smith akamgonga homurani na kombe likaondoka, 5-4.

Watu hapa mjini wanamlaumu kwa mpira mmoja ule. Mimi nasema bila yeye tusingefika mechi ya saba, na alichotugharimu ni kijana mmoja. Huo ndio usajili wa majeruhi unaoeleweka, mkono ukikaribia kupona na bei ikiwa bado ya mgonjwa.

#31 Twiga Mrefu
Bin Seif pole. Ule usiku sikulala na mimi si shabiki wa Jays.

#32 Fundi Wiketi
Na aliyewapiga nani? Dodgers, timu iliyojengwa kwa majeruhi watupu. Glasnow walimchukua kutoka Rays akiwa hajawahi kuvuka inningi 120 kwa msimu, wakampa takriban dola milioni 136. 2024 akarusha 134, kiwiko kikakataa Agosti, mchujo wote akautazama kwenye benchi. 2025 bega, mechi 18. Blake Snell, dola milioni 182, mechi 11 msimu wa kawaida 2025 kwa sababu ya bega. Ohtani mwenyewe kiwiko mara mbili, 2024 hakurusha kabisa.

Na vikombe viwili mfululizo. Oktoba 2025 Snell na Glasnow wote wazima. Mechi ya sita, inningi ya tisa, wageni ni Dodgers, Toronto wana watu besi ya pili na ya tatu, na bado hakuna mpigaji wao aliyetolewa. Glasnow anaingia, mipira mitatu, mechi imekwisha. Kwao msimu wa kawaida ni wa kuvuka tu, mkono unahitajika Oktoba.

#33 Jabali la Mwanza
Hiyo si hekima, ni pesa. Wakimpoteza Glasnow wanatoa mwingine wa milioni mia. Pittsburgh au Cincinnati wakijaribu hivyo, akiumia mmoja msimu umekufa.

#34 Fundi Wiketi
Mbona Yankees wana pesa na walimpata Carl Pavano? Karibu dola milioni 40, miaka 4 kuanzia 2005, mechi 26. Pesa bila macho haisaidii.

#35 Tabibu Viungo
Kuhusu macho: Julai 2024 iliripotiwa kwamba Yankees walikuwa wamekubaliana na Detroit kumchukua Jack Flaherty, wakasoma faili la mgongo wake wakajitoa. Dodgers wakalisoma faili lilelile wakamchukua. Oktoba Flaherty akaanza mechi ya kwanza ya World Series, dhidi ya Yankees. Madaktari wawili, karatasi moja, majibu mawili. Na sisemi Yankees walikosea kitabibu. Faili linakuambia hatari ilivyo, halikuambii kama wewe unaimudu.

#36 Binti Marietta
Nilitaka niseme hivyohivyo kuhusu Sale na ukaniwahi. Boston walikuwa sahihi kwamba anaumiaumia. Atlanta walikuwa sahihi kwamba kidole na baiskeli si ugonjwa wa mkono. Ukitoa bahati mbaya zile, lililobaki ni kiwiko kilichokwisha kutengenezwa.

#37 Chege wa Lowell
Na Boston wakajifunza. Garrett Crochet, kiwiko kilipasuliwa 2022, amewahi kuanza mechi msimu mmoja tu, tukatoa vijana wanne kwa White Sox, tukampa dola milioni 170 msimu wa 2025 ulipoanza tu. 2025: inningi 205, wapigaji 255 kwa straiki, wengi kuliko yeyote ligi nzima. Hivyo sisemi tena usichukue majeruhi. Nasema chukua mwenye miaka 25.

#38 Mzee wa Koshien
Miaka 25, Chege? Mark Prior alikuwa na 22 mwaka 2003, Cubs, ushindi 18, kila mtu akisema huyu mwili wake umeumbwa kwa kurusha. Mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ilikuwa 2006. Leo ndiye kocha wa warushaji wa Dodgers haohao, anawalea kina Glasnow.

#39 Nakato Lugazi
Wakubwa, mnaruhusu Mganda? Huku kwetu mpira huu unakua. Vijana wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika, na Dodgers walishasaini vijana wetu. Mnavyoongea juu ya mikono, nawafikiria makocha wetu. Kijana akionekana ana mkono, anarusha mechi asubuhi na jioni anarusha nyingine, maana ndiye pekee tuliye naye. Hizo namba za Tabibu nazitaka kwa Kiswahili rahisi nizibandike ukutani.

#40 Mzee wa Koshien
Karibu sana Nakato. Mimi nilianza kuupenda Dar, kwenye mashindano ya shule yaitwayo Koshien, tuliyofundishwa na Wajapani, ndiyo maana ya jina langu humu. Tatizo letu lilikuwa hilohilo, mwenye mkono anarusha mpaka jua linazama.

#41 Tabibu Viungo
Nakato, hizi hapa. Miaka 9 na 10: mipira 75 kwa siku. 11 na 12: 85. 13 hadi 16: 95. 17 na 18: 105. Hiyo ni mwisho, si lengo. Chini ya miaka 15, akivuka 65 apumzike siku 4. Mkono ukiuma, mtoto anatoka hata kama fainali. Nitaandaa karatasi yenye jedwali zima la siku za mapumziko nikutumie, umri wa wachezaji wako ni upi?

#42 Nakato Lugazi
10 hadi 14, wavulana na wasichana. Webale nnyo.

#43 Mgosi wa Arlington
Uzi umefika mbali kuliko nilivyotarajia, asanteni. Bado nashikilia miaka miwili. Hata deGrom wa 2025, mechi 30, siwezi kuilipia misimu miwili ya nyuma kwa huo mmoja, na bado anadai mpaka 2027 akiwa na miaka 39. Fundi, kama una hesabu tofauti ilete, na uweke bei ya ushindi mmoja kwenye soko la wazi ndani ya hesabu hiyo, usiniletee pete.

#44 Fundi Wiketi
Naileta kesho baada ya kazi. Naanza na Carlos Rodón: milioni 162, msimu wa kwanza mechi 14 na wastani wa 6.85, ukaniambia hapahapa jamaa ameisha. 2024 ushindi 16, 2025 ushindi 18. Kaa tayari.